Kosa la Kambini Halina Kadi

Emmanuel Amunike alikuwa hajakaa kwenye benchi la Taifa Stars hata kwa mechi moja alipogombana na nusu ya nchi. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2018. Stars ilikuwa inajiandaa kwenda Kampala kucheza na Uganda kuwania kufuzu AFCON, na wachezaji sita wa Simba pamoja na mmoja wa Yanga hawakuripoti kambini kwa wakati. Akawaondoa wote: Shomari Kapombe, Erasto Nyoni, John Bocco, Jonas Mkude, Shiza Kichuya, Hassan Dilunga na, kutoka Yanga ya Jangwani, kijana Feisal Salum. Akaita wengine, akapanda nao ndege, akarudi na sare ya 0-0.

Kwa watu wa Simba pale Msimbazi, Mnigeria huyu alikuwa mgeni aliyekuja kufanya ubabe kwa wachezaji wa bingwa wa nchi. Watani zao walishangilia, kisha wakakumbuka kwamba Feisal wao, Fei Toto, naye yumo, wakapunguza sauti. Miezi iliyofuata hoja iligeuka kila baada ya matokeo. Stars ikapigwa 3-0 na Cape Verde kule Praia: kocha jeuri, ameua timu. Siku nne baadaye ikawafunga haohao 2-0 Dar es Salaam: kocha ana msimamo. Novemba ikalala 1-0 kwa Lesotho mjini Maseru, na jeuri ikarudi midomoni. Halafu ikaja Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa umejaa hadi kwenye ngazi, Uganda tena. Simon Msuva akafunga la kwanza. Mapema kipindi cha pili mwamuzi akaonyesha penalti, na aliyekwenda kuweka mpira kwenye alama ni Erasto Nyoni, mmoja wa wale saba. Akafunga. Aggrey Morris akaongeza la tatu, na Tanzania ikarudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Tangu siku ile Simba na Yanga kila mmoja anaitumia penalti ile kama ushahidi wake. Mmoja atakwambia: unaona, bila Nyoni tusingefika Misri, kocha alikosea kumwondoa. Mwingine atajibu: Nyoni alirudi amenyooka kwa sababu alionjeshwa adhabu. Wote wawili wanapita pembeni ya jambo ninaloliona kubwa zaidi katika mkasa ule. Adhabu ya Amunike ilikwisha. Haikutangazwa itakwisha lini, lakini ilikwisha, na mchezaji akarudi akiwa bado na miguu ya kufunga penalti. Si kila aliyetemwa Stars kwa jina la nidhamu alipata bahati hiyo, na ugomvi wetu mwingi kuhusu wachezaji watovu wa nidhamu na makocha wa timu ya taifa unazaliwa hapo.

Tuanze na uwanjani, maana huko mambo ni mepesi. Julai 2, 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, kichwa cha Dominic Adiyiah kinakwenda wavuni, na Luis Suárez, ambaye si kipa, anaudaka mpira kwenye mstari wa goli kwa mikono miwili. Kadi nyekundu. Penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba, Uruguay ikashinda kwa mikwaju, na Afrika nzima ikalala na hasira. Kwa upande wa sheria Suárez alilipa kila senti aliyodaiwa: alitolewa, wapinzani wakapewa penalti, akakosa nusu fainali. Deni lililobaki ni la moyoni, na mashabiki wa Afrika hawajalisamehe hadi leo. Miaka minne baadaye alipomng'ata Giorgio Chiellini, FIFA ikamfungia mechi 9 za kimataifa na miezi 4 nje ya mpira. Unaweza kusema adhabu ilikuwa ndogo au kubwa. Huwezi kusema haikuwa na mwisho.

Na tuwe wakweli kuhusu uungwana wetu. Kipa wetu akijilaza dakika ya 88 tukiwa tunaongoza, tunasema ana akili ya mpira. Wa kwao akijilaza, tunataka abebwe kwa machela mpaka mpakani. Angekuwa Nyoni aliyedaka ule mpira kwenye mstari wa goli dhidi ya Uganda, leo kungekuwa na mabasi ya daladala yenye picha ya mkono wake. Shabiki hahukumu tendo, anahukumu jezi, na sioni haja ya kumkaripia kwa hilo. Ndiyo maana ya kuwa shabiki. Ila uwanjani upendeleo huo hauna madhara makubwa kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye filimbi na kitabu cha kanuni. Novatus Dismas alipotolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Morocco kule San Pédro, Januari 2024, watu walibishana usiku kucha kama ilistahili. Hakuna aliyeuliza atarudi lini, kwa kuwa jibu linajulikana.

Kambini hakuna filimbi. Kuchelewa kuripoti, kutoroka hotelini, kumjibu kocha vibaya, kununa kwa kuwekwa benchi, kugoma kwa sababu ya posho: makosa haya yote anayapima mtu mmoja, anayatolea hukumu mtu mmoja, na hukumu yenyewe huja kwa njia ya ukimya. Jina halipo kwenye orodha. Basi.

Siku kikosi kinapotangazwa, kaa kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo usikilize ukimya huo unavyojazwa. Kijana mmoja atasema kwa uhakika, "Mzee wangu, yule kaachwa kwa ulevi." Mzee atauliza, "Wewe umemwona wapi akinywa?" "Si watu wanasema." "Watu gani?" Kijana atakunywa fundo moja, atavunja kashata. Wa tatu ataingilia kwamba hapana, ni kocha anashinikizwa na viongozi wa klabu fulani, na mpwa wake anamjua dereva wa basi la timu. Muuza kahawa, aliyekuwa kimya muda wote akigonganisha vikombe, atasema yeye kasikia ni goti. Huenda ni goti kweli. Lakini goti halina utamu, na kabla jua halijazama kijana wa watu atakuwa mlevi, msaliti na mtovu wa adabu katika vijiwe vyote kutoka Buguruni hadi Mwananyamala.

Hakuna aliyeonja hali hii kama Juma Kaseja. Márcio Máximo alipotua nchini 2006, serikali ya Rais Kikwete ikisaidia kulipa mshahara wake, alifanya jambo ambalo wengi tulidhani haliwezekani: aliwafanya watu wa Simba na Yanga wavae jezi moja ya bluu. Familia zilirudi uwanjani, bendera zikauzwa barabarani. Mbrazili huyo aliheshimiwa kwa nidhamu na akapendwa kwa hiyohiyo. Kisha akaacha kumwita kipa ambaye mashabiki wengi walimwona bora kuliko wote nchini. Sababu iliyozunguka mitaani ilikuwa nidhamu, neno pana kama mlango wa ghala, na mashabiki hawakupewa hukumu yenye kosa lililotajwa na idadi ya mechi. Kwa muda mrefu wa utawala wa Maximo, kipa yeyote aliyesimama langoni alikuwa anacheza mechi mbili kwa mpigo: moja na washambuliaji wa wapinzani, nyingine na jina la Kaseja lililokuwa linaimbwa jukwaani kila mpira ulipomponyoka.

Simtetei Kaseja kwa kosa nisilolijua, wala simlaumu Maximo kwa kutaka adabu kambini. Stars ya Maximo ilicheza CHAN ya kwanza 2009 huko Côte d'Ivoire na ikawafunga wenyeji 1-0 kwa goli la Mrisho Ngassa, kabla ya kutolewa kwenye makundi. Mtu aliyejenga timu ile alijua anachofanya. Ninachosema ni kwamba adhabu yake ilimalizwa na kuondoka kwake mwenyewe. Alipokuja Jan Poulsen, Mdenishi, mwaka 2010, Kaseja akaitwa, na mwisho wa mwaka huohuo Tanzania Bara ikatwaa Kombe la Chalenji naye akiwa langoni. Kichekesho ni kwamba aliitwa tena 2019, akiwa kipa wa KMC, wakati wengi wa rika lake wameshatundika viatu. Mrundi Etienne Ndayiragije akamwamini. Stars ikawatoa Kenya kwa penalti 4-1 palepale kwao Kasarani kufuata tiketi ya CHAN, na mwezi uliofuata ikawatoa Burundi kwa penalti 3-0 kuelekea Kombe la Dunia, Kaseja langoni mara zote mbili. Mchezaji yuleyule, tabia ileile kama ipo. Aliyebadilika ni kocha. Sasa tuambiwe: lile kosa la awali lilikuwa la nchi au la mtu?

Wafaransa, ambao kambi yao ya Knysna 2010 ilikuwa aibu ya dunia, walilijibu swali hili vizuri kuliko sisi. Nicolas Anelka alirudishwa nyumbani baada ya kumtolea Raymond Domenech maneno machafu wakati wa mapumziko, na wenzake wakagoma kushuka kwenye basi kufanya mazoezi, kamera za dunia zikiwatazama. Kosa la kambini kubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Timu ikatolewa kwenye makundi, Domenech akaondoka. Shirikisho halikuishia kununa. Likakaa, likasikiliza, likatoa namba: Anelka mechi 18, Patrice Evra 5, Franck Ribéry 3, Jérémy Toulalan 1, Éric Abidal hakupewa kitu. Anelka aliona kichekesho, kwa kuwa alishaamua kutorudi. Lakini Evra, aliyekuwa nahodha wa mgomo, alizimaliza mechi zake na mwaka 2014 alikuwa Brazil na timu ya taifa. Kocha mpya, Laurent Blanc, hakulazimika kubeba kinyongo cha mtangulizi wake wala kuonekana msaliti kwa kumwita mtu.

Ghana nao, kwenye Kombe lilelile la 2014, waliwafukuza Sulley Muntari na Kevin-Prince Boateng kambini saa chache kabla ya mechi ya mwisho ya makundi. Siku hizohizo ndege ilikuwa imepeleka Brazil zaidi ya dola milioni 3 taslimu ili wachezaji wakubali kucheza. Nataja hili kwa sababu kwetu Afrika ukichimba kisa cha utovu wa nidhamu, mara nyingi jembe linagonga posho. Mchezaji anayeitwa mbinafsi huenda anadai alichoahidiwa. Kijiweni hayo yote huingia kwenye kapu moja: hana uzalendo.

Kuna suala la nani mwenye mchezaji, na hapa mashabiki wetu wako sahihi zaidi kuliko wanavyojua. Klabu inamlipa mshahara kila mwezi, inamtibu, inamnunua na kumuuza. Timu ya taifa inamwazima. Kanuni za FIFA zinailazimisha klabu kumwachia mchezaji katika tarehe za mechi za kimataifa, lakini CHAN, mashindano ambayo wachezaji wa ndani ndio wanaoyabeba, hayamo katika ulazima huo. Kwa hiyo mchezaji wa Simba au Yanga aliyechelewa kambini huenda amechelewa kwa sababu tajiri wake alimwambia achelewe. Kocha wa taifa hana namna ya kumwadhibu tajiri. Anamwadhibu anayemfikia mkono. Lile tendo la Amunike, kwa jicho hili, lilikuwa barua kwa klabu iliyoandikwa kwenye migongo ya wachezaji. Ilisomwa na walengwa, naamini, na ndiyo maana sikuwahi kumlaumu kwa kuiandika.

Lakini kocha mwenyewe anasimama juu ya nini? Tangu Maximo aondoke 2010 benchi la Stars limepita kwa Jan Poulsen, Kim Poulsen, Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga, Amunike, Ndayiragije, Kim Poulsen kwa mara ya pili, Honour Janza, Adel Amrouche, Hemed Suleiman na Miguel Gamondi. Nooij aliondolewa Juni 2015 baada ya Uganda kuja Zanzibar na kushinda 3-0. Kim Poulsen aliondolewa Agosti 2022, na ni Uganda tena. Amunike aliyewafunga Uganda alidumu hadi Misri, akapoteza mechi tatu, ikiwemo ile ya Kenya ambayo Stars iliongoza mara mbili na ikafa 3-2, naye akafungashiwa virago. Mtu anayejua kwamba kipigo kimoja kutoka kwa jirani kinamrudisha kwao hana muda wa kumlea mchezaji msumbufu hadi anyooke. Anamtema, kwa sababu kutema ni kitendo cha siku moja na kinaonekana.

Mkasa wa Amrouche unanikera kuliko yote, maana uligeuza swali kichwa chini miguu juu. Huyu mzaliwa wa Algeria alifundisha Harambee Stars kabla yetu, na mwaka 2014 CAF ilimfungia mwaka mmoja kwa madai ya kumtemea mate ofisa wa mchezo katika mechi ya Kenya na Comoro. Wakenya wakamfukuza, akawafungulia kesi, na mwisho wakajikuta wanadaiwa zaidi ya dola milioni 1. Sisi tukamchukua 2023. Kazi aliifanya: Septemba mwaka huo alikwenda Annaba akatoka 0-0 na nchi yake ya kuzaliwa, na Tanzania ikafuzu. Kisha, kabla Stars haijacheza na Morocco mjini San Pédro, akazungumza kwenye vyombo vya habari kwamba Morocco wanaiendesha CAF. Tukafungwa 3-0. CAF ikampa mechi 8 na faini ya dola 10,000, shirikisho letu, TFF, likamsimamisha katikati ya mashindano, na timu ikakabidhiwa Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani tangu zamani ni Morocco. Hata mtunzi wa vichekesho angeogopa kuandika hivyo.

Nilichokiona katika siku zile ni kwamba mashabiki waliomtaka kila mchezaji mkorofi afungiwe maisha walimhurumia kocha. Alisema kweli, walidai, ila hakuchagua wakati. Huruma hiyo ilikuwa rahisi kwa sababu kosa lilitajwa na adhabu ilihesabika. Kila mtu aliweza kuipima kwa mizani yake. Mchezaji aliyetemwa kimyakimya hapati huruma wala hukumu, anapata uvumi.

Kutoka hapo mjadala hurukia daima kwenye kocha mzawa na kocha wa kigeni, na mimi huwa nausikiliza kwa sikio moja. Wanaotaka mgeni husema mzawa ni wa Simba au wa Yanga tangu tumboni kwa mama yake, hawezi kumwondoa kipenzi wa klabu akalala salama. Wanaotaka mzawa husema mgeni hajui mila zetu, anavunja wachezaji moyo. Hesabu haimsaidii yeyote. Tanzania imefuzu AFCON mara nne kwa kucheza. Ya 1980 ilipatikana kwa sare ya Ndola, goli la Peter Tino, Joel Bendera akiwa kwenye benchi. Ya 2019 ni ya Amunike, ya 2023 ya Amrouche, na ya 2025 ni ya Hemed, aliyeifunga Guinea 1-0 Uwanja wa Mkapa, Novemba 2024. Wazawa wawili, wageni wawili. Na Hemed, mzawa aliyefuzu na aliyeifikisha Stars robo fainali ya CHAN Agosti 2025 kabla ya kutolewa 1-0 na Morocco, aliondolewa wiki chache tu kabla ya safari ya AFCON. Gamondi wa Singida Black Stars akapewa timu kwa kukaimu. Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa sare mbili na kipigo kimoja, ikaenda kutolewa 1-0 na Morocco, safari hii mbele ya mashabiki wao.

Goli la sare iliyotuvusha, dhidi ya Tunisia, lilifungwa na Feisal Salum. Watu waliimba jina lake bila kukumbuka kwamba aliwahi kuwa kwenye orodha ya waliofukuzwa kambini. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Kosa lake la 2018 lilikuwa limezikwa zamani, na aliyelizika ni Amunike yuleyule aliyemwadhibu.

AFCON ya 2027 itachezwa hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Kocha yeyote atakayekaa kwenye benchi ataweka kambi kilomita chache kutoka Msimbazi na Jangwani, simu za viongozi wa klabu zikiita mchana kutwa, na majukwaa ya Mkapa yakiwa na majina ya kuimba. TFF inaweza kufanya jambo dogo lisilohitaji mfadhili. Kikosi kinapotangazwa, mbele ya jina la kila mchezaji wa kuitwa mara kwa mara aliyeachwa iandikwe sababu moja kati ya tatu: majeruhi, kiwango, au nidhamu; na ikiwa ni nidhamu, iandikwe kosa lililofanywa na mechi atakazokosa. Mchezaji apewe nafasi ya kujieleza kabla, na kocha mpya arithi hukumu hiyo kama ilivyo, asirithi kinyongo.

Makocha hawatalipenda. Watasema linawafunga mikono, kwamba kocha hapangiwi timu. Ni kweli litawafunga: mchezaji akishamaliza mechi zake mbili, kocha atalazimika ama kumwita, ama kusema hadharani kwamba hamwiti kwa sababu kuna beki mwingine anayecheza vizuri zaidi yake. Na wachezaji nao wengine watapinga, maana wapo ambao uvumi wa goti unawafaa kuliko ukweli ulioandikwa na kugongwa muhuri.